Kuifuata Tanga ukiwa ng'ambo: redio, WhatsApp, televisheni za mtandaoni au magazeti?

Mtu wa Tanga anayeishi Muscat, London, Toronto au Minneapolis hana shida ya habari za Tanzania. Zimejaa tele. Shida yake ni habari za Tanga. Vyombo vikubwa vina makao Dar es Salaam, na mkoa huingia kwenye taarifa zao kiongozi akizuru, basi likipinduka, au bandari ikipokea meli kubwa. Nani kafariki Makorora, mgogoro wa viwanja Chongoleani umefika wapi, maji yamekatika Mikanjuni tangu lini, Coastal imetoka vipi Mkwakwani: hayo yana njia zake, na kila njia ina ubora na udhaifu wake.

Tumelinganisha njia nne ambazo watu wa Tanga walioko nje huzitegemea zaidi: redio kupitia intaneti, makundi ya WhatsApp, televisheni za mtandaoni, na magazeti kwenye tovuti zao. Kila moja tumeitazama kwa maswali yaleyale. Je, inaitaja Tanga yenyewe au inaishia Dar? Habari inafika upesi kiasi gani, na ukiifanyia kazi utajuta? Inakula bando kiasi gani, na inakukuta saa ngapi? Huharibika wapi, na kwa nini? Mwisho, inamfaa nani?

Kwanza tuweke sawa suala la saa, maana ndilo linalowavuruga wengi. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku nyumbani ni saa 3 usiku Muscat. London ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 jioni wakati wa kiangazi. Toronto ni saa 6 mchana wakati wa baridi, saa 7 mchana kiangazi. Minneapolis iko nyuma ya Toronto kwa saa moja, yaani saa 5 asubuhi au saa 6 mchana. Tanzania haibadilishi saa. Wanaobadilisha ni wao. Tena hawabadilishi pamoja: Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Amerika Kaskazini Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika majuma hayo ya katikati ndipo watu wa ukoo mmoja hukosana kwenye kikao cha simu.

Redio kupitia intaneti

*Tanga yenyewe.* Hapa redio ndogo za mkoani huzishinda njia zote za kihabari. Redio ya jamii kama Pangani FM, iliyoanzishwa na shirika la UZIKWASA la hukohuko Pangani, huzungumzia mambo ambayo hakuna gazeti la Dar litakaloyapa hata aya moja: uvuvi, shule ya kijiji, mwenendo wa ndoa za utotoni, barabara iliyokatika. Na lugha ndiyo ile ya nyumbani, kwa lafudhi yake. Kwa mtoto aliyezaliwa ng'ambo, nusu saa ya redio ya mkoani kila siku inamfundisha sikio kuliko somo la Jumamosi.

*Kasi na uhakika.* Tangazo la kifo redioni huchelewa kidogo kuliko ujumbe wa simu, lakini limepelekwa studio na mtu anayejulikana, limeandikwa, na limesomwa na mtangazaji ambaye jina lake lipo. Hilo huongeza uzito.

*Bando na saa.* Redio ni rahisi kuliko zote baada ya maandishi. Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula takriban megabaiti 29 kwa saa. Wa kilobiti 128 unakula kama 58. Ubaya wake ni kwamba haikusubiri. Kipindi kikipita kimepita, isipokuwa kituo kiwe na mazoea ya kupandisha rekodi.

*Kinachoharibika.* Walioko Uingereza wasikilize hapa vizuri. Programu za TuneIn na Radio Garden, ambazo wengi huambiwa wapakue, haziwapi wasikilizaji wa Uingereza vituo vya nje ya nchi hiyo, kwa sababu ya kesi na madai ya haki za muziki. Simu yako haina kosa, na kituo hakijafungwa. Dawa yake ni kupata kiungo cha moja kwa moja cha kituo chenyewe. Ingia kwenye ukurasa wa kituo wa Facebook au Instagram, tafuta linki ya kusikiliza mubashara, ifungue kwenye kivinjari. Ikigoma, nakili anwani ya mkondo na uibandike kwenye programu ya VLC, sehemu ya kufungua mkondo wa mtandao, kisha ihifadhi kwenye orodha ili usiitafute tena. Viungo hivi hubadilika kituo kinapohama kutoka mtoa huduma mmoja hadi mwingine, kwa hiyo ukiona kimya cha siku mbili, rudi ukurasani uangalie kabla hujakata tamaa.

Kimya cha saa moja au mbili ni jambo jingine. Mkondo wa intaneti hutoka kwenye kompyuta moja studio. Umeme ukikatika, mtambo wa FM unaweza kuendelea kwa jenereta huku kompyuta ile au ruta ikiwa imezima. Wa Ngamiani wanasikia, wewe husikii. Na hata ikienda vizuri, mkondo huchelewa kati ya sekunde 30 na dakika nzima. Ukipiga simu kwenye kipindi, zima redio yako kwanza.

*Inamfaa nani.* Watu wazima wasiopenda kuchezea simu, wazazi wenye watoto wadogo, na kila anayefanya kazi ya mikono au ya kuendesha gari kwa saa nyingi.

Makundi ya WhatsApp

*Tanga yenyewe.* Hakuna kinachoikaribia. Kundi la ukoo, kundi la mtaa, kundi la waliosoma pamoja Usagara, Galanos au Popatlal, kundi la watu wa Tanga waishio mji fulani: humo ndimo habari ya nyumba ya tatu kutoka msikitini hupita.

*Kasi na uhakika.* Kasi ni ya dakika, na kwa msiba kasi ndiyo kila kitu. Mtu akifariki usiku, mara nyingi huzikwa baada ya Adhuhuri siku ileile. Saa 6 na nusu mchana Tanga ni saa 10 na nusu alfajiri Toronto wakati wa baridi. Asiyekuwa na kundi ataamka akute kaburi limeshafunikwa. Lakini uhakika ni suala jingine kabisa. WhatsApp huweka mshale mmoja juu ya ujumbe uliosambazwa na mishale miwili juu ya uliosambazwa mara nyingi, na huo wa mishale miwili hauwezi kupelekwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Zuio hilo liliwekwa Aprili 2020. Ukiuona mshale pacha, jua aliyekuletea hakushuhudia, naye kaletewa.

Tanzia nzuri ina mambo matano, na anayeandika akiyakamilisha huwapunguzia watu simu hamsini: jina kamili la marehemu pamoja na jina alilozoeleka mtaani, mahali ulipo msiba, saa na mahali pa kuzikia, jina la msemaji wa familia, na namba ya kutumia ubani pamoja na jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo. La mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowaliza watu. Matapeli hunakili tanzia ya kweli, wakabadilisha namba tu, wakairusha kwenye makundi mengine. Kabla hujatuma, linganisha jina linalojitokeza kwenye huduma ya kutuma pesa na jina lililoandikwa kwenye tanzia. Yasipolingana, simama. Mpigie ndugu mmoja unayeijua sauti yake.

*Bando na saa.* Maandishi hayali kitu. Video ndizo zinazokula, na zinajaza simu. Ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima upakuaji wa video wa kujiendesha wenyewe, acha picha tu ukiwa kwenye Wi-Fi. Makundi yenye kelele yanyamazishe, lakini kundi la ukoo liache likilia hata usiku. Ukilizima umeondoa sababu ya kuwa humo.

*Kinachoharibika.* Kubwa ni wizi wa akaunti. Mtu anajifanya shangazi au admini, anakuomba umrudishie tarakimu sita "zilizokuja kwako kwa bahati mbaya". Ukimpa, amekuwa wewe, na saa hiyohiyo anaanza kukukopea kwenye kundi la watu wa Tanga. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako, na wafundishe wazee nyumbani kwamba tarakimu zile hapewi mtu yeyote, hata mtoto wa kumzaa.

Kundi moja linachukua watu 1,024, na likifika mia chache tayari linakuwa soko. Makundi yanayodumu ni yale yenye admini wawili au watatu wanaoishi saa tofauti, mmoja Tanga, mmoja Ghuba, mmoja Amerika, ili pasiwe na usiku usio na mlinzi. Matangazo ya misiba na michango yatengewe kundi ambalo maadmini pekee ndio wanaoandika.

Wa Ghuba nao wana lao. Falme za Kiarabu na Omani zimezuia kwa muda mrefu simu za sauti na za video za WhatsApp. Ujumbe na sauti zilizorekodiwa hupita. Kwa hiyo kikao cha ukoo cha video kinamtupa nje ndugu wa Muscat bila mtu kumfukuza. Afadhali kikao kiendeshwe kwa sauti za kurekodiwa, dakika mbili kila mmoja, ndani ya siku moja iliyokubaliwa.

Na kuna hatari ambayo aliye nje haioni kwa sababu haimgusi yeye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wewe uko Leicester. Anayebaki na ujumbe wako mkononi, na kuupeleka mbele kwa nia njema, ni binamu yako wa Chumbageni. Tafadhali mfikirie yeye kabla ya kubonyeza.

*Inamfaa nani.* Kila mwenye wazazi au ndugu wa karibu walioko Tanga. Hili halina mbadala, ila halifai kuwa mlango pekee wa habari.

Televisheni za mtandaoni na YouTube

*Tanga yenyewe.* Kwa vipande. Siku ya tukio kubwa utapata picha nzuri kuliko popote: bandari, bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, ziara za viongozi, mafuriko. Siku za kawaida hupati kitu.

*Kasi na uhakika.* Wanafika haraka, na kuona kwa macho kuna nguvu yake. Tatizo ni vichwa vya habari. Kichwa kinasema "makubwa yaibuka Tanga", ndani ni mahojiano ya dakika arobaini ambayo neno la maana liko dakika ya thelathini na tatu. Tazama vitu vitatu kabla ya kusambaza: tarehe ya kupandishwa, jina la kata au wilaya kutajwa na mtu aliyeko pale, na kama chaneli ndiyo yenyewe au ni ya kunakili nembo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye televisheni za mtandaoni kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, hivyo chombo halisi kina jina, anwani na mhariri wa kuulizwa. Chaneli iliyozaliwa jana haina.

*Bando na saa.* Ndiyo ghali kuliko zote. Saa moja kwa ubora wa 480 inakaribia megabaiti 500, na kwa 720 inavuka gigabaiti. Faida yake ni kwamba inakusubiri. Mtu wa Minneapolis anayetoka kazini usiku anaitazama taarifa ya saa 2 baada ya kula, kwa kasi ya mara moja na nusu, na kuruka asichokihitaji.

*Kinachoharibika.* Mpira. Azam ilinunua mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6, na kwa hiyo mechi ya Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, inayoonekana bure kwenye chaneli usiyoijua, ama ni ya zamani, ama ni picha za mchezo wa kompyuta, ama itakatwa dakika ya ishirini. Njia halali ni programu ya AzamTV Max. Kabla ya kulipia, hakikisha kadi yako ya benki ya huko inakubaliwa, na ujaribu kwa kifurushi kifupi kwanza. Mechi ya saa 10 jioni Mkwakwani ni saa 7 mchana London na saa 2 asubuhi Toronto wakati wa baridi, basi ukiwa kazini zima arifa za kundi la WhatsApp. Bao litakufikia kule kabla hujaliona kwenye video.

*Inamfaa nani.* Wapenzi wa mpira, vijana wanaotaka kuona mji wao ulivyobadilika, na wenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo.

Magazeti mtandaoni

*Tanga yenyewe.* Kidogo, lakini kinachoandikwa kina mizizi. Mfano mzuri ni hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa mradi wa mazingira, ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba ya asilimia 13.5, iliyozinduliwa Februari 2024. Kwenye makundi ilifika kama "serikali inakopa watu wa Tanga". Kwenye magazeti palikuwa na kiasi, muda, riba na kazi ya fedha hizo, yaani kupanua huduma ya maji. Aliyetaka kuwekeza alikuwa na pa kuanzia.

*Kasi na uhakika.* Wanachelewa kwa saa kadhaa au siku. Hiyo ndiyo bei ya kuuliza pande mbili. Soma angalau mawili yenye wamiliki tofauti: HabariLeo na Daily News ni ya serikali, chini ya kampuni ya TSN, Mwananchi na Nipashe ni ya kampuni binafsi. Jambo moja likiandikwa na pande zote mbili kwa tarakimu zilezile, limekaa vizuri.

*Bando na saa.* Karibu bure. Ukurasa mmoja ni megabaiti chache, na unasomeka kwenye treni.

*Kinachoharibika.* Chombo kinaweza kuzimwa. Oktoba 2024 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisimamishwa kwa siku 30. Septemba 2025 JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, nayo ilisimamishwa kwa siku 90. Anayetegemea tovuti moja hubaki gizani mwezi mzima. Jingine ni viungo: mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, kwa hiyo ukimtumia mama mdogo linki ya X haitafunguka, na kumshauri atumie VPN ni kumpeleka penye kanuni zinazohitaji usajili. Mwandikie maneno yenyewe.

*Inamfaa nani.* Mwenye pesa anayotaka kuiweka nyumbani, na anayefuatilia sheria, kwa mfano suala la hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje.

Kwa pembeni tu: BBC Swahili, iliyoanza 1957, na DW Kiswahili, ya 1963, hazitakupa Tanga, lakini hazizimwi na leseni ya nyumbani. Ziweke kwenye simu.

Ukichagua kwa hali yako

Una wazazi wazee Tanga: kundi la ukoo lenye admini makini, na redio ya mkoani nyumbani kwako ili muwe na jambo la kuzungumza mnapopigiana. Simu isiwe ya kuulizana afya tu.

Una watoto waliozaliwa nje: redio wakati wa kifungua kinywa, na video fupi za mji Jumapili. Magazeti waachie mpaka wafike sekondari.

Unataka kununua kiwanja Pongwe au Chongoleani: soma magazeti kwa ajili ya miradi na mipaka yake, tumia WhatsApp kumpata jirani wa kiwanja, lakini usilipe mpaka mtu wako afike ofisi ya ardhi na kufanya upekuzi wa jina lililoko kwenye hati. Video ya dalali akitembea kwenye mahindi haionyeshi mwenye kiwanja ni nani.

Unaishi Ghuba na unalipia bando kwa wiki: redio ya kilobiti 64 na maandishi. Video ziwe za siku ya mapumziko.

Unaishi Uingereza na redio zimekugomea: viungo vya moja kwa moja kama tulivyoeleza, ukivihifadhi mara moja unamaliza.

Unafuatilia siasa na uchaguzi: magazeti mawili, idhaa moja ya nje, na usisambaze kitu chenye mshale pacha. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, na makundi yote yakanyamaza kwa pamoja. Waliokuwa na namba za kawaida za simu za nyumbani zimeandikwa kwenye karatasi, pamoja na salio la kupiga simu za kimataifa zisizopitia intaneti, walikuwa na njia ya kujaribu. Ziandike leo: ya mzazi, ya jirani mwenye simu ya kitochi inayokaa na chaji, ya imamu au padri wa mtaa, na ya ndugu mmoja aliyeko Mombasa.